Wosia wa Chuo Umekosea Anwani

Kila ifikapo Oktoba, vyuo vikuu vinapokaribia kufunguliwa, huzuka barua za aina moja magazetini na mitandaoni. Mtu mzima, aghalabu mwenye ofisi na gari, anamwandikia kijana aliyekuwa yeye mwenyewe siku ile alipopanda basi kwenda chuo. Soma kwa bidii. Chagua marafiki. Usilichezee bumu. Mapenzi yapo tu, yasubiri. Usiache kusali. Ukishasoma barua tano za namna hiyo, ya sita unaweza kuimalizia mwenyewe. Maneno hayo si ya uongo, na wanaoyaandika wana nia njema. Kasoro ni kwamba yamepelekwa kwa mtu asiyepungukiwa maneno. Kijana anayetoka Mazinde kwenda Dar es Salaam au Dodoma ameshaambiwa yote hayo na mama yake, na mjomba, na shehe au padri, na mgeni rasmi siku ya mahafali, na pengine hata na abiria aliyeketi naye kiti kimoja. Kilichopungua kwake ni mazoezi ya kuamua, na mazoezi hayo hakuwa na uwezo wa kujipa. Yalikuwa mikononi mwa watu waliompangia kila saa ya maisha yake mpaka juzi. Kwa hiyo nasema hivi: kama kuna barua ya kuandikwa, iandikwe kwa wazazi, kwa wakuu wa shule za kidato cha tano na sita, na kwa vyuo vyenyewe. Hao ndio wanaoshika kengele.

Tuwatazame kwanza waandishi wa barua hizo. Anayejiandikia ni mtu aliyemaliza. Yule aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuoni kwa kufeli, mwaka wa kwanza akarudi nyumbani kulima vitunguu haombwi makala na mhariri yeyote. Hivyo tunachosoma ni ushuhuda wa waliovuka tu, nao wana desturi ya kukumbuka bidii zao na kusahau bahati zao. Aliyefaulu anakumbuka usiku aliokesha maktaba. Hakumbuki sana kwamba dada yake alitangulia chuoni na ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kusajili masomo, au kwamba kulikuwa na shangazi mjini ambaye sufuria lake halikukauka mwisho wa mwezi. Simlaumu, kumbukumbu za watu ndivyo zilivyo. Lakini matokeo yake ni kwamba mambo ya mpangilio yanageuzwa kuwa mambo ya tabia: aliyefeli alikuwa mvivu, aliyeishiwa alikuwa mlevi, aliyenyamaza darasani alikuwa mjinga. Tukikaa miaka nenda rudi tukiimba kwamba shida ni tabia za vijana, hatafika mtu akamuuliza mzazi au mwalimu alimwandaaje huyu kijana.

Mazinde yenyewe si mahali palipojificha. Iko tambarare, chini ya milima ya Usambara, kwenye barabara kuu inayotoka Korogwe kupitia Mombo kwenda Same na Moshi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, aliweka makao yake hapo badala ya kupanda Vugha mlimani walikokaa wafalme wa Kilindi, kwa sababu misafara ya biashara ilipita huku chini naye alikwishaona kwamba nguvu imehamia njiani. Baadaye ikaja reli kutoka Tanga, iliyofika Mombo mwaka 1905, na mashamba ya mkonge, na vibarua kutoka mbali. Watu wa hapa wamezoea kuona mtu akiondoka na mwingine akifika. Ila safari ya kijana wa leo ina mkunjo ambao hautazamwi. Anasoma shule ya msingi kijijini na sekondari ya kata kwa miguu; akifaulu vizuri kidato cha nne, serikali inampangia shule ya kidato cha tano ambayo yaweza kuwa Tabora, Iringa au Songea. Shule za serikali za kidato cha tano na sita karibu zote ni za bweni. Miaka miwili ya mwisho kabla ya kukabidhiwa uhuru wote kwa mkupuo, anaishi mahali pasipo na uhuru hata kidogo.

Kwa aliyesahau maisha ya bweni, ni haya. Kengele ya alfajiri, usafi, uji, paredi, vipindi, chakula cha mchana, vipindi tena, michezo au kazi za mikono, chakula cha jioni, prepo ya kujisomea usiku, kisha taa kuzimwa. Fedha ya matumizi inakaa kwa matroni au kwa mwalimu wa malezi, na mwanafunzi huiomba kwa vipande vya shilingi elfu mbili tatu. Simu ni marufuku. Kutoka nje ya geti kunahitaji ruhusa ya maandishi. Utaratibu huo una matunda, na atakayeyakana anajidanganya. Juu ya milima ileile inayoitazama Mazinde, wilayani Lushoto, ipo shule ya wasichana ya St. Mary's Mazinde Juu, iliyoanzishwa mwaka 1989 chini ya Padri Damian Milliken, Mbenediktini kutoka Marekani. Kwa miaka mingi jina lake limekuwa likitajwa miongoni mwa shule zinazofanya vizuri kitaifa, na shule imewapa mabinti wengi wa Usambara njia ambayo mama zao hawakuipata. Kitaifa pia, mtihani wa kidato cha sita wa mwaka 2024 ulifaulisha zaidi ya asilimia 99 ya watahiniwa. Baraza la Mitihani liliacha mwaka 2023 kutangaza shule kumi bora, lakini mabango ya ufaulu getini hayajapungua. Shule zetu zimejifunza kumfikisha mwanafunzi mlangoni pa chuo kwa ustadi mkubwa. Kazi hiyo wanaiita malezi, na kwa sehemu ni malezi kweli, ila sehemu nyingine ni kumfanyia mtu kazi ya kujiongoza kwa miaka miwili halafu kumshangaa kwamba hajui kujiongoza.

Sasa mfuate huyo kijana mpaka wiki ya nne ya muhula wa kwanza. Ratiba yake ya Jumanne ina lekcha saa moja hadi saa tatu asubuhi, kisha hana kitu mpaka saa nane mchana. Saa tano nzima tupu, mali yake, na hakuna atakayemuuliza amezifanyia nini. Kidato cha sita alizoea kwamba kinachohesabika ni mtihani mmoja wa Mei, na kwamba ukilegea Septemba utafidia Machi. Chuoni hesabu ni nyingine. Katika vyuo vyetu vingi, alama 40 kati ya 100 za kila somo zinatokana na kazi za muhula: majaribio, insha, semina, kazi za vikundi. Zilizobaki 60 ndizo za mtihani wa mwisho, ule wanafunzi wanaouita yu-ii. Muhula wenyewe ni wiki kumi na tano au zaidi kidogo. Maana yake, wakati huyu bado anashangaa ukubwa wa jengo, bado anatafuta chumba, bado anangoja kengele ambayo haipo, zile alama 40 zimeanza kuondoka. Si kwamba ni mvivu. Wengi waliopata supu, yaani mtihani wa marudio, mwaka wa kwanza walikuwa vinara wa prepo. Walikuwa hodari wa kusoma saa iliyopangwa kusoma; hawakuwahi hata mara moja kupanga saa yenyewe.

Upande wa fedha ndio ulio wazi kuliko wote. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, hutoa posho ya chakula na malazi ambayo mwaka 2022 ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Fedha hiyo haitolewi kwa siku. Huja kwa mkupuo wa takriban siku 60, na hilo ndilo bumu. Laki sita zinaingia kwenye akaunti ya mtu ambaye miezi michache iliyopita alikuwa akimwomba matroni elfu mbili ya sabuni, na ambaye huenda nyumbani kwao hazijawahi kuonekana laki sita kwa pamoja mkononi mwa mtu mmoja. Piga hesabu mwenyewe: akinunua simu, godoro na vyombo kwa laki tatu na nusu, zimebaki laki mbili na nusu, yaani kama shilingi 4,166 kwa siku, nazo ni za kula, nauli, na kutoa kopi za notsi. Simu hiyo si anasa pia, maana matangazo ya darasa, notsi na kazi za vikundi vyote viko kwenye simu. Kwa hiyo kumwambia mtu huyo "usilichezee bumu" ni kumwambia kitu kisichomsaidia. Anachotakiwa kujua ni kipi kinunuliwe bumu la kwanza na kipi kingoje la pili, kodi ya chumba itolewe lini, na cha kufanya bumu likichelewa, kwa kuwa huchelewa. Ni ujuzi wa mikono kama kushona. Haujifunzwi kwa kuambiwa. Na fedha yenyewe ni deni: siku atakapoajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi itakatwa kila mwezi mpaka liishe.

Jambo la tatu halitajwi kabisa kwenye zile barua, nalo ni kuomba. Shule ya bweni inamfundisha kijana kwamba mwanafunzi mzuri ni yule asiyemsumbua mwalimu. Chuoni mhadhiri ana saa zake za kuonana na wanafunzi, zimebandikwa mlangoni, na wanaokwenda ni walewale watatu, mara nyingi watoto wa watu waliosoma. Yuko mshauri wa wanafunzi, ana ofisi na mshahara, na wengi humfahamu siku mambo yalipokwisha haribika. Ongeza lugha hapo. Kijana aliyesoma msingi kwa Kiswahili na akajibu mitihani ya sekondari kwa Kiingereza cha kukariri anatakiwa sasa asimame kwenye semina atetee hoja. Anaona heri anyamaze. Anakimbilia madesa, yale makaratasi ya mwaka juzi yanayopita mkono kwa mkono, na madesa humfikisha mtu mahali fulani, lakini hayamfundishi kuuliza. Jambo la ajabu ni kwamba vijana haohao wanajua kusaidiana vizuri sana pale ambapo hakuna mkubwa anayewatazama. Vitanda vinapokosekana chuoni wanabebana: mwenye chumba anampokea asiye na chumba, wanalala wawili kitanda cha mmoja muhula mzima bila mkataba wala kelele. Wanaoweza kuombana kitanda wanashindwa kumwomba mhadhiri dakika kumi. Hayo tumewafundisha sisi.

Watakaosema kwamba dawa ya haya ipo tayari, ni Jeshi la Kujenga Taifa, nawaelewa. Wahitimu wengi wa kidato cha sita huitwa kwa mujibu wa sheria kwa miezi mitatu, utaratibu uliosimama mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, na vijana wa mikoa mbalimbali huishia katika makambi kama Mgambo kule Handeni. Kuruta anarudi amekakamaa, anajua kulala chini, amekula na watu wa makabila asiyoyajua. Ni faida, siibezi. Ila kambini nako ni filimbi. Anaamshwa, anapangwa, anahesabiwa. Kwa jambo ninalolizungumzia hapa, JKT ni bweni lenye viatu vizito zaidi. Kilichokaribia dawa kilikuwa Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka mtu afanye kazi angalau miaka miwili kabla ya kuingia chuo kikuu. Waliopita njia hiyo walifika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wameshapokea mshahara, wamepanga chumba, wameamriwa na bosi na kubishana naye. Azimio lilikuwa na madhara yake, na wasichana ndio walioumia kwanza, kwani idadi yao chuoni ilishuka mpaka ikabidi waruhusiwe kuingia moja kwa moja. Sipendekezi lirudi. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba nchi hii iliwahi kuamini kuwa kumwandaa mtu kwa chuo kikuu si kazi ya darasa peke yake.

Msomaji makini anaweza kunirudishia hoja: mbona kuna utafiti unaoonyesha kwamba maneno tu husaidia? Upo, na ni mzuri. Mwaka 2011 Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha katika jarida la Science matokeo ya jaribio walilofanya katika chuo kimoja cha Marekani. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walipewa saa moja tu. Walisoma maelezo ya waliotangulia, kwamba wao pia walidhani hawastahili kuwa pale na kwamba hali hiyo ilipita, kisha wakaombwa waeleze kwa maneno yao, kwa kuandika na kwa kuzungumza mbele ya kamera, ili wawasaidie watakaokuja baada yao. Kwa miaka mitatu iliyofuata alama za wanafunzi weusi zilipanda, na pengo kati yao na wenzao weupe likapungua kwa nusu. Tazama vizuri kilichofanyika pale. Hawakuambiwa wasome kwa bidii. Waliambiwa kwamba shida wanayoiona ni ya wengi na ina mwisho, na wakapewa wao kazi ya kushauri. Tena, mwaka 2023 watafiti walirudia jambo hilo kwa wanafunzi karibu 27,000 katika vyuo 22, na wakakuta kwamba linafanya kazi pale ambapo chuo chenyewe kina nafasi ya kweli ya huyo mwanafunzi kupokelewa. Pasipo nafasi hiyo, maneno hayakuzaa kitu. Utafiti huo unanisaidia mimi kuliko unavyonipinga.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa watu wa Mazinde wenyewe, na lina haki ya kusikilizwa kwa utulivu. Watasema: mtoto wetu si wa kufundishwa kujitegemea. Tangu darasa la tatu anachota maji, anapalilia, anapeleka nyanya Mombo, anarudi na chenji. Na waliosoma sekondari za kata mbali na kwao wamepanga mageto, wamejipikia wakiwa na miaka kumi na tano, wamejua debe la mahindi linaisha lini. Kweli kabisa, na mtoto wa geto mara nyingi huzoea chuo haraka kuliko mwenzake aliyetoka bweni lenye sifa. Hilo linathibitisha ninachosema. Sisemi mageto ni mazuri, kwa maana wasichana wangapi wameharibiwa masomo yao kwenye vyumba hivyo kila mzazi wa Korogwe na Handeni anajua. Nasema lile zoezi la kuamua, hata likija kwa njia mbaya, lina thamani ambayo bweni halina. Na hata kwa mtoto anayefanya kazi zote za nyumbani, tutofautishe kazi na uamuzi. Binti anajua kupika kwa watu wanane, lakini aliyeamua kipikwe nini na kwa fedha gani ni mwingine. Anapeleka nyanya, bei imeshapangwa na baba kwa simu. Kazi anaijua tangu utotoni. Uamuzi hajawahi kuachiwa.

Wengine watasema hizi ni hadithi za watu walioshiba, kwamba shida ya mwanafunzi maskini ni umaskini, na shilingi 10,000 haziwi 15,000 kwa sababu amejifunza bajeti. Nakubali. Hakuna ustadi unaoziba tumbo, na sitaki makala hii itumike na mtu yeyote kuhalalisha posho ndogo au bumu lililochelewa. Ila tuulize kosa linamgharimu nani. Mtoto wa mwenye duka Kariakoo akimaliza bumu wiki ya tatu, anapiga simu moja, na jioni ujumbe wa fedha unaingia. Mtoto wa kibarua wa mkonge akimaliza bumu wiki ya tatu, hapigi simu kwa sababu anajua upande wa pili hakuna kitu, na anaanza kukopa kwa watu ambao hakupaswa kuwakopa. Kosa ni lilelile, ila gharama yake ni mara kumi. Kwa hiyo anayestahili kufundishwa mapema ni huyu wa pili, na ndiye tunayemnyima nafasi ya kukosea kwa fedha kidogo, nyumbani, mahali ambapo kosa la shilingi elfu tano linaishia kwenye maneno ya mama.

Kwa anayehofia kwamba kulegeza geti la bweni kutawaponza wasichana, jibu langu ni fupi. Geti la miaka kumi na minne libaki limefungwa. La miaka kumi na tisa lianze kufunguliwa na mwenye funguo akiwa bado yupo. Wakulima wa nyanya wa bonde hili hawang'oi mche kitaluni wenye kivuli na maji kila siku wakaupanda juani siku hiyohiyo. Siku kadhaa kabla wanaupunguzia maji na kuuondolea kivuli kidogo kidogo ili ukomae. Mkuu wa shule anayejua hilo shambani kwake anaweza kulifanya shuleni kwake. Muhula wa mwisho wa kidato cha sita, prepo mbili kwa wiki zisiwe na msimamizi wala ratiba. Fedha ya matumizi ya mwezi apewe mwanafunzi yote mara moja, iishe akiwa bado mahali anapolishwa. Semina moja kwa wiki aiendeshe mwanafunzi, kwa Kiingereza kibovu kama ndicho alichonacho. Alama zitashuka kidogo? Huenda. Shule inayoogopa kupoteza nukta mbili kwa ajili ya hilo iseme wazi kwamba inamsomesha mwanafunzi kwa ajili ya bango.

Vyuo navyo vina lao. Wiki ya kuwakaribisha wanafunzi wapya imejaa hotuba: mwakilishi wa huyu, afisa wa yule, usalama, maktaba, benki. Kijana anasikia mambo arobaini kwa siku tano na hakumbuki matatu. Afadhali hotuba zipunguzwe nusu, na muda huo uhamishiwe wiki ya tano, pale matokeo ya jaribio la kwanza yanapotoka na bumu linakaribia mwisho, wakati ambapo mtu ana swali la kweli. Na waongee wanafunzi wa mwaka wa pili, hasa waliowahi kupata supu na wakajinasua. Vyama vya wanafunzi wa mkoa mmoja, ambavyo kwa sasa vinakutana zaidi kwa sherehe za kukaribishana na kuagana, vingeifanya kazi hiyo bila gharama.

Lakini kipande kikubwa kiko nyumbani, na muda wake unajulikana. Mtihani wa kidato cha sita unaisha Mei. Matokeo hutoka Julai. Vyuo hufunguliwa mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Ukiondoa JKT kwa wanaokwenda, bado zinabaki wiki nyingi ambazo kijana yuko nyumbani, na kwa kawaida tunazitumia kumpumzisha au kumtuma shambani. Mpe bajeti ya chakula cha nyumba ya wiki mbili, fedha yote, na ikiisha siku ya kumi mle mlichonacho bila kumfokea. Mwache auze nyanya kwa bei aliyoipatana mwenyewe. Zaidi ya yote, itazame ile fomu ya mkopo. Inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, saini ya kiongozi wa serikali ya kijiji au mtaa, mhuri wa wakili au hakimu, barua pepe, neno la siri, viambatisho vilivyopigwa picha vikasomeka. Familia nyingi humpa kijana wa steshenari pale Mombo au Korogwe afanye yote. Yeye ndiye anayefungua barua pepe, anayebuni neno la siri, na kwenye maombi ya udahili ndiye anayechagua hata chuo na kozi. Mwanafunzi anakaa kwenye benchi nje anangoja kuitwa. Miezi mitatu baadaye mfumo wa udahili unamtaka athibitishe nafasi yake, naye hajui neno la siri la akaunti yake mwenyewe, na kijana wa steshenari ameshahamia Tanga.

Wazazi wa Mazinde na wa kokote kule: dirisha la mkopo likifunguliwa mwaka huu, mpeni mtoto nauli, vyeti na siku tatu, aende mwenyewe kwa mtendaji, kwa wakili na RITA, na fomu aijaze kwa vidole vyake. Akikosea, kuna muda wa kusahihisha kabla dirisha halijafungwa.